Akiugua, nani anaimba? Kazi ya mwigizaji anayeimba, tukiitazama kutoka Mtwara

Hapa Mtwara ukisema binti yako anataka kuishi kwa kuimba na kuigiza jukwaani, utajibiwa kwa mojawapo ya maneno matatu: kipaji, bahati, au mjuano. Yote yana ukweli ndani yake na hakuna hata moja linaloeleza kitu. Kipaji kimejaa. Panda Newala wakati wa unyago, nenda Nachingwea kwenye ngoma za Wamwera, keti nyuma ya kanisa lolote la Masasi kwaya ikifanya mazoezi. Wanawake wanaoimba, wanaocheza na wanaoigiza kwa mpigo hawana idadi. Lakini mpe mmoja wao fomu ya mkopo aijaze; akifika penye "kazi" ataandika mkulima.

Kwingineko duniani wapo wanaoandika "mwigizaji" hapo, na benki inawaamini. Ili tuone wamefikaje, nitamfuata mwanamke mmoja ambaye hatua zake zinajulikana: Heather Headley. Sikumchagua kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote. Audra McDonald ana tuzo sita za Tony za uigizaji, tuzo kubwa za jukwaa huko New York, na hakuna mwigizaji mwingine aliyefikisha idadi hiyo. Nimemchagua Headley kwa sababu nafasi iliyomtoa ilikuwa ya Nala katika The Lion King, mchezo ulioazima maneno yetu, Simba, Rafiki na "hakuna matata", ukayapeleka New York bila kupitia Mtwara kuaga. Na kwa sababu kabla ya Nala alikuwa mtu wa pili nyuma ya huyohuyo McDonald. Hapo pa mtu wa pili ndipo nataka tukae zaidi.

Tumalize kwanza mchezo wenyewe ni nini. Tamthilia ya muziki ni hadithi inayosimuliwa kwa maneno, nyimbo na kucheza, na wimbo ukianza hadithi haisubiri nje: mhusika anaingia kwenye wimbo akiwa na shaka, anatoka akiwa ameamua. Kwetu si jambo geni. Mimi nimechezwa ngoma, na bila kutoa nje yasiyotolewa nje, naweza kusema manyakanga, kungwi mkuu wa unyago, anafundisha kwa wimbo, kwa kuigiza na kwa kiuno, na mwali anatakiwa kuishika hadithi kabla hajafumbuliwa maana. Lipiko naye anapotoka na kinyago chake anachekesha, anatisha na kusema watu, yote kwa ngoma. Kwa hiyo si kweli kwamba wenzetu wana sanaa fulani ambayo sisi hatuna. Tofauti inaanzia kwingine.

Headley alizaliwa Trinidad mwaka 1974, baba yake akiwa mchungaji, na alianza kuimba kanisani kama wengi wetu. Akiwa na miaka 15 familia ilihamia Fort Wayne, mji wa kawaida tu katika jimbo la Indiana, Marekani. Akiwa sekondari huko alipewa nafasi kuu katika mchezo wa shule. Watu wanaosimulia habari za kipaji huiruka sehemu hii haraka, nami naona ndiyo nusu ya maelezo: shule ilikuwa na ukumbi, na kulikuwa na mtu ambaye kuandaa mchezo ilikuwa sehemu ya kazi yake. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, na hakumaliza. Akiwa amebakiza mwaka mmoja aliitwa Toronto, Kanada, kwenye mchezo mpya ulioitwa Ragtime, uliofunguliwa mwishoni mwa 1996. Aliingia kwenye kundi la waitikiaji, na akawekwa kuwa mbadala wa Audra McDonald.

Mbadala ni mwigizaji aliyejifunza nafasi ya mwenzake: nyimbo zake, maneno yake, anasimama wapi taa ikiwaka, anashika nini kwa mkono upi. Kila usiku anafanya kazi yake ya kawaida kwenye kundi, anaitikia, anacheza, anabadilisha nguo mara kadhaa, na ile nafasi kubwa anaibeba kichwani tu. Simu inaweza kulia saa kumi jioni: mwenyewe amekauka sauti, leo ni wewe. Inaweza pia isilie mwaka mzima.

Pembeni yake yupo mwingine ambaye mtazamaji hamjui kabisa. Huyu hana nafasi yake katika mchezo. Ameajiriwa kuzijua nafasi za watu wengi wa kundi, nane, kumi, pengine zaidi, na kuingia kwenye yoyote itakayobaki wazi. Leo anatokea kushoto akiwa mtumwa, kesho anatokea kulia akiwa askari, na akikosea hatua moja anagongana na mtu aliyebeba mkuki. Kwa maoni yangu huyu ndiye fundi kuliko wote jengoni, na hakuna tuzo ya Tony iliyotengwa kwa ajili yake.

Watu wa akiba wote hawa wanaletwa na hesabu. Mchezo wa Broadway, yaani wa kumbi kubwa za tamthilia za New York, kwa kawaida huchezwa mara 8 kwa wiki: jioni sita, na siku mbili kati ya hizo kunakuwa na onyesho la mchana pia. Siku ya kupumzika ni moja. Kumbi zinazohesabika kuwa za Broadway ni 41, kila mmoja una viti 500 au zaidi, na nyingi zinapita 1,000. Tiketi huuzwa wiki na miezi kabla. Mtu aliyenunua tiketi yake Machi kwa onyesho la Juni hawezi kuambiwa mlangoni kwamba dada ana mafua, rudi kesho. Na hakuna koo la binadamu linaloweza kuahidi maonyesho 8 kila wiki kwa mwaka mzima bila kukwama. Kwa hiyo mchezo unajengwa tangu mwanzo kwa kudhani kwamba yeyote anaweza kukosekana.

Nala alikuja baada ya Toronto. The Lion King ulijaribiwa kwanza Minneapolis katikati ya 1997, kisha ukafunguliwa New York Novemba 13 mwaka huohuo, chini ya Julie Taymor, ambaye mwaka uliofuata alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tony ya uongozaji wa tamthilia ya muziki. Kuanzia mbali ndiyo desturi ya kazi hii. Mchezo mpya hupelekwa mji mwingine, mbele ya watu wanaolipa, ukosolewe huko kabla haujakutana na magazeti ya New York. Aida, mchezo uliompa Headley jina, ulipita njia hiyo kwa machungu. Muziki ulikuwa wa Elton John, maneno ya nyimbo ya Tim Rice, na hadithi ni ya binti wa mfalme wa Nubia anayetekwa na kupelekwa Misri. Ulianzia Atlanta mwaka 1998 kwa jina jingine na haukupokelewa vizuri. Mwongozaji akabadilishwa, mandhari ya jukwaa yakatupwa, yakajengwa mengine. Headley alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki. Mwishoni mwa 1999 ukahamia Chicago, na huko, katika tukio la mwisho ambapo wapenzi wawili wanazikwa hai, sanduku walilokuwamo yeye na Adam Pascal likaanguka kutoka juu. Wote wawili wakapelekwa hospitali. Mchezo ukaendelea. Machi 23, 2000 ukafunguliwa New York, na mwezi Juni akachukua Tony ya mwigizaji bora wa kike katika tamthilia ya muziki.

Kwetu hadithi ingeishia hapo, kwenye tuzo na picha. Mimi naona inaanzia baada yake. Septemba 2001 Headley aliondoka. Aida haukufungwa. Uliendelea hadi Septemba 2004, ukafikisha maonyesho 1,852, na nafasi ile ikapita kwa wanawake kadhaa, wakiwamo Toni Braxton, Michelle Williams na Deborah Cox, waimbaji ambao wengi wetu tunawajua kutoka redioni bila kujua kwamba waliwahi kuvaa nguo za binti mfalme wa Nubia. Yule aliyeanzisha nafasi anabaki na kitu: sauti yake ndiyo iliyorekodiwa kwenye albamu ya mchezo, na kila atakayefuata atapimwa kwake. Lakini nafasi si mali yake. Nyimbo ni za watunzi, mchezo ni wa waliouandaa, na mpangilio wa nyayo uko kwenye daftari la meneja wa jukwaa, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kinachochezwa leo ndicho kilichochezwa siku ya ufunguzi.

Sasa turudi huku.

Mwimbishaji wa ngoma wa Tandahimba ni kinyume cha mambo hayo yote. Wimbo anautunga au anaugeuza palepale, kwa kumtazama nani kaja na nani kagombana na nani. Hakuna daftari. Wiki ijayo ataimba mengine. Watu wanamfuata yeye, si nafasi yake, na asipokuja hakuna wa kusimama pale; ngoma itachezwa ndiyo, ila wote watasema haikukolea. Malipo yake ni kutunzwa: noti inabandikwa kwenye paji la uso, inadondoshwa kwenye beseni, inafungwa kwenye kanga. Kiasi kinategemea korosho. Minada ikifunguliwa Oktoba na fedha zikaanza kuingia kwa wakulima, kunakuwa na harusi, ngoma na matamasha hadi mtu anachagua. Masika yakifika, kimya.

Watu wengi hudhani shida ya msanii wa namna hii ni kwamba hathaminiwi. Mimi naona anathaminiwa kupita kiasi, kwa namna isiyomsaidia. Kwa kuwa hana mbadala, hana ruhusa ya kuugua. Kwa kuwa hana mbadala, hana likizo, na akijifungua kipato kinakatika siku hiyohiyo. Wala binti anayemfuata hana pa kujifunzia kwa kulipwa. Atakaa nyuma yake akiitikia bure hadi mama aache au afe. Mwigizaji wa Broadway anaweza kulala na homa Jumatano akalipwa Ijumaa kwa sababu moja tu, kwamba kuna mwenzake aliyejifunza nafasi ileile na anasubiri. Kule, kubadilishika kwa mtu ndiko kunakofanya kazi iwe kazi.

Hilo nalo halikuja kwa hisani. Karne iliyopita ilipoanza, waigizaji wa New York walifanya mazoezi ya wiki nyingi bila malipo, na mchezo ukianguka walijikuta mji wa mbali bila nauli ya kurudi. Chama chao, Actors' Equity, kilianzishwa mwaka 1913, na mwaka 1919 waligoma hadi kumbi zikafungwa na wenye kumbi wakakubali mkataba. Leo kima cha chini cha mwigizaji wa Broadway ni zaidi ya dola 2,000 kwa wiki. Usiruke kwa furaha. Wakala anakata asilimia 10, kodi inakata zaidi, nyumba za New York zinameza kilichobaki, na bima ya afya inategemea wiki ulizofanya kazi. Mchezo ukifungwa, mshahara unafungwa nao. Wiki yoyote ile, wanachama wengi wa chama hicho hawako jukwaani: wanafundisha, wanahudumia mezani, wanapanga foleni kwenye usaili ambao kila mmoja anapewa dakika chache aimbe kipande cha wimbo, aambiwe asante.

Je, Tanzania haijawahi kujaribu? Imejaribu, na Mtwara ilikuwamo tangu mwanzo. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya sitini likaundwa kundi la taifa la ngoma. Sindimba ya Wamakonde ikatolewa vijijini ikawa ngoma ya taifa zima, ikafundishwa mashuleni na kuchezwa mbele ya wageni, huku wengine wakilalamikia viuno. (Waliolalamika hawakuwa wazee wa Newala.) Wasanii wa kundi lile walikuwa watumishi wenye mshahara, na ngoma ilibidi ichezwe ileile kila safari, kwa maneno mengine, nafasi ilianza kutengana na mtu. Baadaye kundi likavunjwa, na mwaka 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Serikali iliacha kuajiri wachezaji, ikabaki kufundisha wachezaji. Mfano wa ajira ukapotea pamoja na kundi.

Miaka ya themanini na tisini vikundi vya Dar es Salaam vilikaribia zaidi kile ninachokieleza. Muungano, na baadaye TOT (Tanzania One Theatre) ya Kapteni John Komba, waliuza tiketi kwa usiku mmoja wenye kila kitu: ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza, kisha taarab. Msanii aliyecheza ngoma mwanzoni ungeweza kumwona tena kwenye igizo. Lakini ona kilichojaza kumbi mwishoni: ushindani wa mipasho, Khadija Kopa upande wa TOT na Nasma Khamis upande wa Muungano. Mtazamaji alikwenda kumsikia Kopa. Asingekubali mbadala wa Kopa hata kwa nusu ya kiingilio. Nyota alikuwa mkubwa kuliko mchezo, na igizo likabaki kipande cha kupitishia muda hadi nyota atoke.

Sisi wa kusini hata hilo tulilipata kwa matone. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 palikuwa na kivuko cha Rufiji, na baada ya kivuko matope. Lori lililobeba ngoma na spika lingeweza kulala njiani siku kadhaa wakati wa mvua. Nani angepanga ratiba ya maonyesho Lindi, Mtwara na Masasi kwa barabara ile? Lami sasa ipo, mazoea ya kununua tiketi bado. Tuna tamasha la MaKuYa, lenye jina lililounganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao, na ni jambo zuri kuona vikundi vya vijijini vikija mjini. Ila tamasha linakusanya watu siku chache, linawapongeza, linawarudisha shambani.

Kuna jambo la sauti pia, nalo watu wetu hulidharau. Mwigizaji wa maonyesho 8 kwa wiki anaishi kama mtawa: analala mapema kadiri anavyoweza, haongei kwenye kelele, anapasha koo kabla ya kila onyesho, anavaa kipaza sauti kidogo kilichofichwa kwenye nywele ili asipige kelele. Mwimbishaji wetu anaimba toka machweo hadi jogoo, juu ya ngoma tatu au nne, bila kipaza sauti, na asubuhi sauti imepasuka. Kwa kuwa anaimba usiku mmoja kisha anapumzika wiki, anamudu. Mchukue huyohuyo umpe maonyesho 8 kwa wiki bila kumfundisha namna ya kubana na kuachia, na mwezi hautaisha.

Na hata aliyefundishwa habaki jukwaani daima. Baada ya Aida, Headley alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2002, nyingine 2006, kisha ya nyimbo za injili mwaka 2009 iliyompa tuzo ya Grammy. Alirudi kwenye mchezo mkubwa wa muda mrefu mwaka 2012, safari hii London, katika The Bodyguard kwenye ukumbi wa Adelphi. Hapo ni miaka zaidi ya kumi tangu aache kuwa Aida. Mwaka 2016 akaingia The Color Purple kule New York kuchukua nafasi ya Jennifer Hudson: mshindi wa Tony, akiingia kwenye viatu vya mwingine, na hakuna aliyeona ameshushwa. Tangu 2020 wengi wanamjua kwa tamthilia ya televisheni ya Netflix. Ukizipanga kazi hizo pamoja, jukwaa ndilo lililomfungulia milango, na televisheni, albamu na matamasha ndiyo yanayojaza miaka ya katikati.

Kwa hiyo binti wa Chuno au wa Lindi mjini anayetaka njia hii anaweza kusoma TaSUBa au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaweza kuimba vizuri kuliko wengi, na bado akakosa kitu kimoja ambacho hakipatikani darasani: mchezo unaorudiwa. Hauhitaji kumbi 41. Ningeanza na hadithi moja ya hapahapa, yenye nyimbo zilizoandikwa na hazibadiliki, ichezwe kila Jumamosi Mikindani kuanzia minada ya korosho inapofunguliwa hadi mwisho wa Desemba, watu wakiwa na hela na wageni wakiwa wapo pwani. Kila nafasi kubwa iwe na wanawake wawili, wote wawili kwenye mkataba, wote wawili wakilipwa kwa wiki, awe ameimba au amekaa nyuma ya pazia na maji yake ya uvuguvugu. Najua mahali bajeti itakapokatwa. Mfadhili yeyote atakayeisoma ataweka kalamu kwenye jina la yule wa pili na kuuliza huyu analipwa kwa kufanya nini.